Herufi Moja Yatufundisha Maneno Mengi

Wako wengi miongoni mwetu waliomaliza masomo ya sekondari, wakapata kazi, wakajenga nyumba na kulea watoto, lakini Kiingereza chao kimesimama pale pale walipokiacha siku ya mtihani wa mwisho. Wanaweza kuandika barua ya kuomba likizo, kusoma maelezo yaliyobandikwa juu ya chupa ya dawa, na kuzungumza na mgeni bila wasiwasi. Hata hivyo, wafunguapo hukumu ya mahakama, ripoti ya tume au kitabu cha chuo, hukutana na maneno mazito yanayowafungia njia. Basi hununua vijitabu vya maneno magumu, wakajipangia kukariri maneno ishirini kwa siku, neno upande wa kushoto na maana yake upande wa kulia. Jumatatu wanayajua yote. Wiki mbili zikipita, maneno yametoweka kama maji yaliyotiwa katika pakacha.

Jambo hilo si la kushangaza. Neno lililokaririwa katika orodha halina makao wala jamaa. Hatukumwona mtu likimpata, hatukujua lilimfanya alie au acheke, wala hatukulisikia likirudiwa na watu mbalimbali kwa nia mbalimbali. Watoto wetu hawakujifunza lugha ya mama kwa orodha. Waliyakuta maneno yakifanya kazi, na kwa sababu hiyo hawayasahau.

Makusudi ya makala haya ni kupendekeza njia ya kale kuliko vijitabu hivyo, nayo ni kuchukua riwaya moja iliyoandikwa kwa Kiingereza cha juu na kuisoma polepole, nyumbani, kwa muda wa karibu miezi sita. Riwaya inayopendekezwa ni The Scarlet Letter, ya Mmarekani Nathaniel Hawthorne, iliyotolewa mwaka 1850. Jina lake tunaweza kulifasiri Herufi Nyekundu, ingawa wekundu unaotajwa hapo ni ule ukolezao na kung'aa, unaoonekana na mtu aliye mbali. Si riwaya nyepesi. Lakini ina sifa moja imfaayo sana mwanafunzi wa lugha: inahusu jambo moja tu tangu mwanzo hadi mwisho, na kwa hiyo maneno yake mazito hurudi tena na tena, kila mara yakiwa yamebeba jambo jipya.

MTUMISHI WA FORODHA

Hawthorne alizaliwa tarehe 4 Julai 1804 katika mji wa bandari wa Salem, jimbo la Massachusetts. Baba yake, nahodha wa merikebu, alifariki kwa homa ya manjano huko Surinam mwaka 1808, mtoto akiwa hajatimiza miaka minne. Mmoja wa mababu zake, John Hathorne, alikuwa miongoni mwa mahakimu wa kesi za uchawi zilizofanyika Salem mwaka 1692, ambazo watu 19 walinyongwa kwazo. Mzao huyo aliongeza herufi moja katika jina la ukoo wake, na katika maandishi yake hakuificha huzuni aliyokuwa nayo kwa ajili ya matendo ya wazee wake.

Vitabu havikumpa riziki ya kutosha, hivyo akaingia katika utumishi wa serikali. Mwaka 1839 na 1840 alifanya kazi katika forodha ya Boston, akisimamia upimaji wa makaa ya mawe na chumvi. Kuanzia mwaka 1846 akawa mkaguzi katika forodha ya Salem. Mwaka 1849 chama kingine kilishika madaraka huko Washington, naye akaondolewa kazini; na katika kiangazi hicho hicho mama yake akafariki. Ndipo alipoketi kuandika. Machi ya mwaka uliofuata kitabu kilikuwa madukani, na nakala 2,500 za kwanza ziliuzwa zikaisha kwa siku chache.

Utangulizi wa kitabu hicho unaitwa The Custom-House, yaani Forodha. Watumishi wa ofisi wakiusoma watacheka, maana humo amewachora wazee wa idara wakisinzia juu ya viti vilivyoegemezwa ukutani, wakiamka tu kusimuliana hadithi zile zile za zamani. Humo pia anasema kwamba jina lake lilipigwa chapa juu ya magunia ya pilipili na masanduku ya sigara, likasafiri duniani kuliko lilivyosafirishwa na vitabu. Tena anataja kwamba merikebu zilizofika pale aghalabu zilitoka Afrika au Amerika ya Kusini.

Sisi tulio katika sehemu hii ya dunia tunayo sababu ya kusimama hapo kidogo. Mwaka 1833 Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Balozi mdogo wa kwanza wa Marekani kufika Unguja, mwaka 1837, alikuwa Richard Waters, mtu wa Salem. Merikebu za mji huo zilipakia Unguja pembe za ndovu, sandarusi na ngozi, zikashusha nguo nzito za pamba zilizofumwa katika viwanda vya pande zile za Marekani. Watu wa pwani waliziita nguo hizo merikani, au amerikani. Zikabebwa mabegani mwa wapagazi hadi huku bara, kwenye maziwa makuu, zikapokewa kama fedha.

Babu zetu hawakulisoma neno merikani katika orodha. Walilijua kwa kuwa nguo yenyewe ilikuwa mikononi mwao: waliipima, waliivaa, walilipana kwayo. Hivyo ndivyo neno lipatavyo makao. Riwaya nayo humpa msomaji vitu vyenyewe mikononi kabla ya kumdai akumbuke majina yake.

HADITHI KWA MUHTASARI

Kisa kinatokea katika mji wa Boston, kati ya miaka ya 1642 na 1649, ulipokuwa bado mji mdogo ulioanzishwa na Wapuritani kutoka Uingereza. Hao walikuwa Wakristo wenye siasa kali ya dini; kwao dhambi na kosa la jinai vilikuwa karibu kitu kimoja. Mwanamke kijana aitwaye Hester Prynne anatolewa gerezani akiwa amembeba mtoto wa miezi michache. Mumewe, mzee msomi, alimtanguliza kutoka Ulaya, naye hajaonekana kwa muda wa miaka miwili. Mtoto basi si wa ndoa.

Mahakimu wamemhukumu asimame juu ya jukwaa la sokoni kwa muda wa saa tatu mbele ya watu wote, na kisha avae kifuani, maisha yake yote, herufi A iliyokatwa katika kitambaa chekundu. Adhabu ya namna hiyo si ya kubuni tu: sheria ya Massachusetts ya mwaka 1694 iliamuru wazinifu wavae herufi hiyo hiyo juu ya nguo zao. Wakubwa wa mji, pamoja na mchungaji kijana apendwaye na watu wote, wanamsihi amtaje baba wa mtoto. Hester anakataa. Katika umati yumo mzee mmoja mgeni, naye anamtambua: ni mumewe. Mzee huyo anajipa jina jipya, Roger Chillingworth, anajifanya tabibu, na anaanza kumtafuta kimya kimya mtu aliyemwibia mke.

Jina la baba wa mtoto halitatajwa hapa. Msomaji atalitafuta mwenyewe, na katika kulitafuta atalazimika kuyatazama maneno kwa makini, kwa maana mwandishi ameficha dalili zake humo.

MTOTO AIJUAYE HERUFI

Hester alikuwa fundi hodari wa sindano. Herufi aliyopewa kuwa adhabu aliitarizi kwa uzi wa dhahabu, ikapendeza kuliko mapambo ya wake wa mahakimu. Anahamia kibanda kilicho kando ya mji, karibu na bahari, na huko anajipatia chakula chake na cha mwanawe kwa kushona. Gavana anavaa kazi ya mikono yake. Watoto wachanga wanavikwa kofia alizozitarizi. Maiti wanazikwa na nguo alizozishona. Kitu kimoja tu hakuna aliyemwomba akishone, nacho ni shela ya bibi arusi. Katika jambo hilo dogo msomaji huona jinsi mji wote unavyoweza kuchukua kazi ya mtu na kumkataa mtu mwenyewe.

Binti yake anaitwa Pearl, yaani Lulu, jina lililotokana na mfano wa Injili ya Mathayo juu ya mfanyabiashara aliyeuza vyote alivyokuwa navyo apate kununua lulu moja ya thamani kubwa. Siku moja Pearl, akiwa na miaka saba, anaulizwa na mama yake kama aijua alama iliyo kifuani pake. Mtoto anajibu kuwa aijua: ni herufi kubwa A, ile aliyofundishwa katika kile kibao cha alfabeti kilichofunikwa kwa kipande chembamba cha pembe, ambacho watoto wa zamani walijifunzia kusoma. Lakini kwa nini mama aivae? Hapo mtoto hana jibu kamili, wala mama hawezi kumpa.

Tazama, ndugu msomaji, jinsi tukio hilo linavyotuhusu. Mtu aliyekariri orodha yuko katika hali ya Pearl. Anaijua sura ya neno, analitamka sawasawa, na anaweza hata kuonyesha limeandikwa wapi. Asilolijua ni kwa nini mtu alivae. Maana ya neno zito haipatikani mpaka tumjue mtu ambaye neno hilo limemgusa.

SONI, HAYA, AIBU NA FEDHEHA

Sasa tuyachukue maneno yenyewe, tuone jinsi ya kuyafanyia kazi. Neno litakalomsumbua msomaji mapema sana ni ignominy. Kamusi ndogo zitamwambia kwamba maana yake ni aibu. Lakini atakuta pia shame, disgrace na infamy, na kwa kamusi hizo zote ni aibu. Akiyaandika yote katika daftari kwa tafsiri hiyo moja hatakuwa amejifunza kitu.

Kwanza atazame asili yake. Kiingereza kina matabaka mawili makubwa. Liko tabaka la chini, la maneno mafupi ya nyumbani yaliyorithiwa kwa wahenga wao, kama shame na sin. Liko na tabaka la juu, la maneno marefu yaliyotoka Kilatini, mengi yakipitia Kifaransa, kama ignominy na penitence. Maneno tuyaitayo magumu aghalabu ni ya tabaka hili la pili. Ignominy limejengwa kwa neno la Kilatini la jina, likatanguliwa na kiambishi cha kukana: ni hali ya mtu aliyenyang'anywa jina lake jema. Infamy nalo limejengwa kwa neno la sifa au uvumi: ni sifa mbaya iliyoenea. Atakayefahamu mashina hayo hatayachanganya tena.

Kisha atazame Kiswahili chake mwenyewe, ambacho nacho kina matabaka. Soni ni neno la Kibantu. Waganda husema ensonyi, na Wanyarwanda na Warundi husema isoni. Haya, aibu na fedheha yametujia kutoka Kiarabu. Nayo si kitu kimoja. Haya, kama soni, hukaa ndani ya mtu, na ni sifa njema. Tunamsifu kijana mwenye haya. Aibu ni lile jambo lenyewe litiialo doa, liwe limejulikana au halijajulikana. Fedheha ni aibu iliyotolewa hadharani, watu wakaitazama. Ignominy basi ni jamaa wa fedheha. Shame la Kiingereza hubeba haya na aibu pamoja, na msomaji hana budi kuamua kila mara ni lipi kati ya hayo mawili.

Tukiwa na mizani hiyo, riwaya nzima inafunguka. Hester ana fedheha, lakini kwa kuwa jambo lake liko wazi, anaweza kusimama na kuinua kichwa. Mwenzake ana aibu isiyo na fedheha. Watu wanamheshimu, na heshima yenyewe inamla ndani kwa ndani, kwa sababu anajua hawajui. Wale wanawake wa sokoni wanaopiga kelele kwamba adhabu ni ndogo mno wamejaa maneno ya haya, ila haya yenyewe hawana. Msomaji wa Kiswahili anayo silaha ambayo Mwingereza hana: lugha yake imekwisha kumtenganishia mambo ambayo mwandishi ametumia sura ishirini na nne kuyatenganisha.

MKATALE, RUBA NA TOBA

Mifano mingine mitatu itatosha kuonyesha njia.

Wa kwanza ni jukwaa lile la sokoni, scaffold. Juu yake ulikuwapo mtambo wa mbao uitwao pillory, unaobana shingo na mikono ya mtu ili asiweze kuuficha uso wake. Sisi tunalo neno la zamani, mkatale, nalo ni gogo la kufungia miguu ya mfungwa. Mkatale na pillory ni ndugu, lakini moja linakamata miguu, na jingine linakamata uso. Mwandishi anaeleza kwamba Hester hakubanwa shingo, alisimamishwa tu. Zingatieni pia kwamba jukwaa linarudi mara tatu katika riwaya: mwanzoni mchana, katikati usiku, na karibu na mwisho mchana tena. Atakayesoma sehemu hizo tatu kwa kuzifuatisha hatalisahau neno hilo kamwe.

Wa pili ni neno leech, ambalo limefanywa kichwa cha sura ya 9. Maana yake ya leo ni ruba, yule mdudu wa majini anyonyaye damu. Lakini katika Kiingereza cha zamani lilikuwa pia neno la tabibu. Katika sura hiyo Chillingworth anahamia nyumba moja na mgonjwa wake, anamwandalia dawa, anakaa naye usiku na mchana, na hambanduki. Je, ni tabibu au ni ruba? Mwandishi hakusema. Ametumia neno lenye maana mbili, akamwachia msomaji kazi ya kuamua. Hata jina Chillingworth lina ubaridi ndani yake, maana chill ni baridi ile iingiayo mwilini na kumtetemesha mtu.

Wa tatu ni penance na penitence. Mashina yake ni mamoja, na mwanafunzi huona ni neno moja lililoandikwa kwa namna mbili. Penance ni tendo la nje: kufunga, kukesha, kujipiga, kulipa. Wakatoliki wanalo neno kitubio. Penitence ni toba ya moyo. Yuko mtu katika kitabu hiki ambaye anautesa mwili wake kwa kila aina ya kitubio, na bado hajapata toba, kwa sababu hajasema kweli. Mtu aliyemwona akikesha peke yake mbele ya kioo hahitaji kamusi kumweleza tofauti ya maneno hayo.

NAMNA YA KUSOMA NYUMBANI

Yafuatayo ni maagizo ambayo kila nyumba yenye kitabu, kalamu na taa inaweza kuyafuata. Kitabu chenyewe si ghali kukipata. Haki ya kukichapa ilikwisha zamani, kwa hiyo kinapatikana katika matoleo ya bei ndogo, na bure kabisa kwa wenye simu za intaneti.

La kwanza, jipime. Wataalamu Hu na Nation, katika uchunguzi wao wa mwaka 2000, walionyesha kwamba msomaji huhitaji kuyajua maneno kama 98 katika kila 100 ndipo asome hadithi kwa raha bila msaada. Katika kitabu hiki wengi wetu tutakuwa chini ya kiwango hicho, na ndiyo sababu tunasoma polepole na kwa daftari. Lakini ukifungua ukurasa mmoja ukakuta maneno thelathini usiyoyajua, anza na kitabu chepesi kwanza, kisha urudi. Mwenye kupanda mlima huanzia bondeni.

La pili, usianzie na utangulizi wa forodha. Sentensi zake ni ndefu na zina mizaha ya wakati wake. Anza na sura ya 1, ambayo ni fupi sana na inaeleza mlango wa gereza tu. Zipo sura 24. Ukisoma moja kwa wiki utamaliza katika wiki 24, ndipo uusome utangulizi kama zawadi.

La tatu, isome kila sura mara mbili. Mara ya kwanza soma bila kamusi, ukipiga mstari wa penseli chini ya maneno mageni bila kusimama. Mara ya pili chagua maneno kumi tu, yale yanayorudi au yale ambayo kisa kinageukia juu yake. Yaliyosalia yaache; yakiwa na maana kubwa yatarudi yenyewe. Kisia maana kwanza, ndipo ufungue kamusi uhakikishe.

La nne, gawa ukurasa wa daftari katika safu nne. Ya kwanza andika neno. Ya pili andika, kwa maneno yako, ni nani aliyekuwa akifanya nini neno hilo lilipotokea. Ya tatu andika neno la Kiswahili linalolilingana; usiandike maelezo marefu, bali tafuta neno lenyewe, hata kama ni la zamani. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa kwanza mwaka 1981, itakusaidia hapo. Ya nne andika jamaa zake, yaani maneno mengine yenye shina hilo.

La tano, simulia. Jioni moja kila wiki waeleze wa nyumbani kwako, kwa Kiswahili, yaliyotokea katika sura hiyo. Ikiwa mume na mke wanasoma pamoja ni bora zaidi. Mmoja asimulie, mwingine aulize. Watoto wakubwa wakae wasikilize. Mwenye kulazimika kusema kwa Kiswahili tofauti ya kitubio na toba mbele ya mama mkwe wake hawezi kujidanganya kwamba ameelewa.

La sita, angalia usiyachukue yote. Watu wa riwaya hii husemezana kwa thou na thee, kwa kuwa ni watu wa karne ya 17. Maneno hayo ni ya kufahamu, si ya kutumia. Ukimwandikia mkuu wako wa kazi kwa mtindo huo, atadhani unamwombea dua.

Mwenye kushika mpango huu atakuwa na maneno 240 mwishoni, na hayo si mengi kwa hesabu ya vijitabu. Lakini atakuwa nayo kweli, na kila moja litakuwa limekuja na uso wa mtu.

MAANA HUJENGWA NA MATENDO

Limebaki jambo moja, nalo ndilo kubwa kuliko yote. Kosa ambalo Hester alihukumiwa kwalo kwa Kiingereza huitwa adultery, na herufi A ni mwanzo wake. Neno hilo halimo kabisa katika riwaya. Mwandishi ameonyesha herufi tu. Neno analitia msomaji mwenyewe. Na kadiri hadithi inavyoendelea, watu wa Boston wanaanza kutia neno jingine. Kwa miaka saba wanamwona Hester akiwalisha maskini wanaomtukana, akiingia katika nyumba zenye maradhi, akikesha na wanaokufa. Baadaye wengi wanasema kwamba A ile ni ya able, yaani mwenye uwezo. Usiku mmoja kimondo kinapomulika mbinguni, mtunza kanisa anasema watu wameona A ya angel, malaika, kwa kuwa gavana mmoja amefariki usiku huo. Kitambaa ni kile kile, na uzi ni ule ule. Kilichobadilika ni matendo yaliyokizunguka.

Lugha zote huenda hivyo. Neno hongo, wakati wa misafara ya merikani, lilikuwa jina la ushuru ambao wapita njia walimlipa mtawala wa nchi wapate kupita katika eneo lake. Leo hakuna afisa angependa kuonekana akilipokea, maana ni rushwa. Herufi zake tano hazikubadilika. Matendo ya watu ndiyo yaliyolihamisha.

Ikiwa maana hujengwa na matendo, basi na sisi tunaotumia maneno tuna dhamana. Hakuna mtaa wala kijiji kisichokuwa na Hester wake. Yuko msichana aliyefukuzwa shule kwa sababu ya mimba, naye mpaka leo, mwanawe akiwa mtu mzima, hutajwa kwa kosa lile kabla ya kutajwa kwa jina. Yuko mtoto aliyeitwa mwanaharamu kabla hajajua kusema. Hatuwavishi kitambaa chekundu, lakini tunawatarizi kwa ndimi zetu. Na mara nyingi baba wa mtoto anapita njia kuu akisalimiwa kwa heshima, kwa kuwa fedheha yote imepewa mtu mmoja na aibu ya mwingine imefunikwa. Mtu aliyejifunza kwa wiki 24 kupambanua haya, aibu na fedheha hawezi tena kuyarusha maneno hayo ovyo barazani au kisimani.

Hii ndiyo faida ya kweli ya msamiati wa juu. Wengine wanautafuta ili wasifiwe katika mkutano, na sifa hiyo hupita. Maneno mengi na yaliyo sahihi ni kama mawe mengi ya mizani: mwenye jiwe moja tu atapima kila kitu kwa jiwe hilo, na atawadhulumu watu hata kama hana nia mbaya. Mwenye mawe ya kila uzito anaweza kumpa kila mtu haki yake.

Karibu na mwisho wa hadithi Hester, ambaye ameondoka nchi ile na yuko huru kuishi popote, anarudi katika kibanda chake na kuivaa tena herufi yake kwa hiari, bila kulazimishwa na hakimu yeyote. Wanawake wenye majonzi, walioonewa au walioachwa, wanamjia humo kutaka shauri, naye anawapokea. Wakati huo herufi haisemi tena walichotaka mahakimu. Someni, ndugu wasomaji, mpate kujua inasema nini.